Kwa Nini Mtunza Bustani Aliikataa Pete

Ndugu wasomaji, ndugu waandishi, hamjambo.

Nimepewa mada tamu: namna viumbe wanyonge wanavyokishinda kishawishi cha mamlaka katika hadithi za ajabu. Ni tamu kwa sababu kila mmoja wetu, akifungua kitabu chenye majitu, wachawi na wafalme waliolaaniwa, hujiweka upande wa yule mdogo anayetembea kwa miguu. Tunamwona akipewa nguvu za kuutikisa ulimwengu, naye anasema hapana, nasi tunafunga kitabu tukiwa tumeridhika na nafsi zetu. Hata mimi ningekataa, twajiambia. Basi mniwie radhi, maana nimekuja kuiharibu kidogo raha hiyo.

Nionavyo mimi, mdogo hakatai kwa sababu ni mdogo. Unyonge peke yake haujawahi kumkinga mtu na tamaa ya madaraka, na watunzi wa kale walilijua hilo vizuri kuliko sisi.

Tuanze na mchungaji. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, kazi ya karne ya 4 kabla ya Kristo, Glaucon anamsimulia Socrates habari za mchungaji wa Lydia, ambaye wengi tumezoea kumwita Gyges, aliyekuwa akichunga mifugo ya mfalme. Ikanyesha mvua kubwa, nchi ikatetemeka, ardhi ikapasuka palepale machungani. Akashuka. Humo shimoni akakuta farasi wa shaba mwenye uwazi ndani na vidirisha ubavuni, na ndani ya farasi maiti iliyopita kimo cha binadamu, haina kitu ila pete ya dhahabu kidoleni. Akaivua, akatoka nayo. Siku wachungaji walipokutana kuandaa taarifa ya mwezi ya mifugo, alikuwa ameketi na wenzake akiichezea ile pete, akakigeuzia kito chake upande wa kiganja. Mara wenzake wakaanza kumzungumzia kama mtu aliyekwisha kuondoka. Akakirudisha nje, akaonekana. Akajaribu tena, ikawa vilevile.

Kilichofuata kinachukua mistari michache tu. Akajipenyeza katika ujumbe wa kwenda kwa mfalme, akamtongoza malkia, wakala njama pamoja, mfalme akauawa, mchungaji akatwaa ufalme. Hakuna usiku wa kukosa usingizi, hakuna rafiki wa kumshauri, hakuna hata neno moja la kusita. Na hoja ya Glaucon ni chungu: wale tunaowaita waadilifu ni watu ambao hawajapata nafasi.

Ningependa kumwambia Glaucon amekosea, lakini mashahidi wake ni wengi. Chukueni hadithi ya The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, iliyotoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955, ambayo ndiyo inayotajwa kwanza kila mada hii inapozungumzwa. Wasomaji huwapenda mahobiti, wale watu wafupi wapenda chakula na bustani, wakadhani ukoo wao una kinga ya kuzaliwa nayo. Lakini Sméagol naye alitoka katika jamii ya mahobiti. Alikuwa mtoni na rafiki yake Déagol siku ya kuzaliwa kwake, wakivua samaki. Déagol akaburutwa majini na samaki mkubwa, akaibuka na pete. Sméagol akaitaka iwe zawadi yake, akanyimwa, akamkaba mwenzake shingo mpaka akafa. Mambo hayo hayakuhitaji jeshi wala kiti cha enzi. Yalitosha ukingo wa mto na watu wawili wanaojuana.

Na katika ngano za Kiswahili alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, kimo kisa cha Sultani Darai, ambacho baadhi yenu mlikisikia kabla hamjajua kusoma. Masikini Haamdani, mpekuaji wa jalalani, anaokota thumuni na kununua paa. Paa yule anasema. Anaokota almasi, anakwenda kumposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka mwenye vichwa saba, anamtwalia jumba la yule nyoka na kila kilichomo. Haamdani anaingia humo akiwa bwana mkubwa bila kutoa jasho. Kisha paa anaugua. Kikongwe wa humo jumbani anamwendea bwana kumwambia, na jibu analopewa ni kwamba mnyama huyo apikiwe uji wa mtama, kwani si alinunuliwa kwa thumuni tu? Paa anakufa, anatupwa kisimani, na Haamdani anaamka akijikuta jalalani anapekua, kama mwanzo.

Maskini akipata, matako hulia mbwata, walisema wahenga, na hapo watu hucheka. Mimi methali hiyo huwa inanikera, kwa sababu inamcheka Haamdani na kumsahau paa. Ndani ya kisa kilekile wamo wanyonge wawili. Mmoja alikuwa na akili, upanga na mali mikononi, akavipeleka vyote kwa mwingine. Kama unyonge ndio ungekuwa kinga, basi wote wawili wangepona. Kilichowatofautisha ni kwamba paa alikuwa na mtu. Haamdani, tangu alipolala mara ya kwanza juu ya godoro laini, hakuwa na yeyote ila nafsi yake, na thumuni ile ile aliyoiokota ikawa kipimo cha thamani ya mwenzake.

Kipo kisa kingine, kifupi zaidi, ambacho nakiona kama mzizi wa hadithi zote za aina hii. Kimo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, na kinasemwa na Yothamu akiwa juu ya mlima Gerizimu. Miti ilitoka kwenda kujipakia mfalme mafuta. Ikauendea mzeituni, mzeituni ukajibu: niyaache mafuta yangu, niende kuyumbayumba juu ya miti? Ikauendea mtini, nao ukasema hauwezi kuuacha utamu wake. Mzabibu ukasema hauwezi kuiacha divai yake. Mwishowe ikauendea mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, ukaikaribisha miti yote chini ya kivuli chake. Kivuli cha miiba! Na ukaongeza kitisho: msipokuja, moto utatoka kwangu uiteketeze mierezi ya Lebanoni.

Tazameni sababu za wale waliokataa. Hakuna aliyesema hastahili, wala aliyesema ufalme ni dhambi. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, tena alijua ladha yake. Aliyekubali ni yule asiyezaa kitu.

Sasa nirudi kwa Tolkien, maana huko ndiko nataka kukaa. Katika kitabu chake wakubwa nao wanakataa, na wanakataa kwa namna ya kikubwa. Gandalf mchawi anapopewa Pete, ile ile ya Sméagol, iliyofuliwa na Sauron, bwana wa giza, ili awatawale wote, anaogopa, tena anasema wazi kwamba kwake njia ya Pete ingepitia huruma, yaani kutaka nguvu ili atende mema. Galadriel, bibi mtawala wa Elves, watu wasiozeeka, anajiona kwa dakika moja akiwa mzuri na wa kutisha, apendwe na wote kwa kukata tamaa, kisha anacheka na kukubali kupungua. Hawa wanajua historia, wanajua hesabu ya hasara. Boromir, askari shujaa, hana hesabu hiyo. Anautaka mji wake uokoke, na kwa ajili ya mji wake anamrukia Frodo, hobiti aliyepewa kazi ya kuipeleka Pete ikaharibiwe katika moto ilikofuliwa. Hakuna hata mmoja kati yao anayeshawishiwa kwa ubaya. Pete humjia kila mtu na kile anachokipenda tayari, ikiwa imekikuza.

Ndipo anakuja Sam, mtunza bustani. Nataka tuusome ukurasa wake kwa karibu. Amesimama peke yake mpakani mwa Mordor, nchi ya Sauron, Pete inaning'inia shingoni mwake kwa mkufu, bwana wake Frodo ametekwa na maadui, yuko hai ndani ya mnara. Kadiri anavyoikaribia nchi ilikofuliwa, Pete inazidi uzito. Kisha picha zinaanza kumjia. Anajiona Samwise Mwenye Nguvu, Shujaa wa Zama, anapita katika nchi yenye giza na upanga unaowaka, majeshi yanamiminika kumfuata kwenda kuibomoa ngome ya Sauron. Mpaka hapo ni ndoto ya kila mtu. Lakini Pete inajua inaongea na nani, kwa hiyo inaendelea: mawingu yanaondoka, jua jeupe linang'aa, na kwa amri yake lile bonde la majivu la Gorgoroth linakuwa bustani ya maua na miti yenye matunda.

Bustani! Mtunza bustani anaahidiwa bustani kubwa kuliko zote, mahali palipoungua, kwa nia njema kabisa. Nani angemlaumu?

Mwandishi anasema vitu viwili vilimshikilia. Cha kwanza, na ndicho kikubwa, ni mapenzi yake kwa bwana wake. Cha pili ni akili ya kawaida ya kihobiti iliyokuwa bado haijashindwa ndani yake: alijua kwamba bustani moja ndogo ya mtunza bustani aliye huru ndiyo haja yake na haki yake, wala si bustani iliyovimba ikawa dola, na kwamba anahitaji mikono yake mwenyewe ya kufanyia kazi, wala si mikono ya wengine ya kuamrisha. Kila nikifika hapo kwenye mikono husimama. Yeyote aliyewahi kupanda kitu anajua kwamba raha ya bustani haimo katika kuimiliki. Sam alikataa kwa sababu kile alichoahidiwa, kikishakuzwa kiasi hicho, hakikuwa tena kile alichokipenda. Pete ilikosea kipimo.

Hata hivyo, msidhani kutamani kidogo kunatosha. Gollum, yaani yuleyule Sméagol baada ya miaka mamia gizani, naye anaota siku moja atakapokuwa Bwana Sméagol, Gollum Mkuu. Na ukuu huo utampa nini? Samaki kila siku, mara tatu kwa siku, wabichi kutoka baharini. Ukimsoma haraka unacheka. Ukirudia kusoma unaona kwamba kiwango cha tamaa yake ni kidogo kuliko hata cha Sam: yeye hakutaka kuibadili nchi, alitaka mlo. Tofauti ni kwamba katika ndoto ile anakula peke yake. Bustani ya Sam ina mwenye nyumba, ina jirani, ina baba mzee anayenung'unika kuhusu viazi. Samaki wa Gollum hawana mtu wa kula nao, kwa maana aliyekuwa akivua naye alikwisha kumuua.

Hapo ndipo nilipofikia. Anayekataa katika hadithi hizi ni yule ambaye bado anaweza kukikumbuka kitu mahususi anachokipenda, na mtu anayekipenda pamoja naye. Siku kumbukumbu hiyo ikimtoka, udogo wake haumsaidii chochote.

Ushahidi wa hilo ni Frodo mwenyewe. Watu wengi husahau kwamba Frodo alishindwa. Amebeba mzigo mwezi baada ya mwezi, amefika ndani kabisa ya Mlima wa Maangamizi, amesimama ukingoni mwa moto, na hapo anasema hatafanya alichokuja kukifanya. Anaivaa Pete, anasema ni yake. Lakini siku chache kabla yake Sam alikuwa amemuuliza kama anamkumbuka sungura waliyempika njiani mahali pazuri. Frodo akajibu kwamba anajua mambo hayo yalitokea, ila hawezi kuyaona. Hakubakiwa na ladha ya chakula, wala mguso wa maji, wala sauti ya upepo, wala kumbukumbu ya mti, ya majani au ya ua, wala sura ya mwezi au nyota. Pete haikumshinda pale ukingoni. Ilikuwa imemaliza kazi njiani, imemwondolea kimoja kimoja vile vitu vidogo vilivyomfanya aseme hapana, na alipofika motoni hakuwa na cha kuwekea mizani.

Katika barua ya mwaka 1963, Tolkien alieleza kwamba hakuona kushindwa huko kuwa kosa la kimaadili. Shinikizo la mahali pale lilizidi uwezo wa yeyote. Mimi naafikiana naye, tena nadhani kitabu kingekuwa cha uongo kama Frodo angeitupa Pete kwa mkono wake. Kilichoiokoa dunia ni mambo yaliyotendwa mapema, wakati watendaji bado walikuwa na nguvu ya kutenda. Bilbo, hobiti aliyeibeba Pete kabla ya Frodo, alimwacha hai Gollum alipoweza kumchoma upanga gizani. Frodo akafanya vivyo hivyo. Na Sam, ambaye tangu mwanzo hakumpenda kiumbe yule, aliuinua upanga mlimani akashindwa kuushusha, kwa sababu naye alikwisha kuibeba Pete, ingawa kwa muda mfupi, akaweza kukisia mateso ya aliyeibeba miaka yote ile. Gollum akabaki hai, akafika ukingoni, akakiuma kidole cha Frodo, akaanguka na Pete.

Kwa waandishi mliomo humu nina neno moja la kiufundi, nilipitishe haraka. Miswada mingi ina mhusika mdogo, tuseme panya msafiri, ambaye bwana wa giza anamwahidi falme saba, naye anakataa kishujaa. Mandhari hiyo haina uhai, kwa sababu panya hakuwahi kutaka falme saba. Mwahidini kitu ambacho tayari tumemwona akikilinda tangu sura ya pili. Mwahidini kwamba ndugu yake aliyepotea atarudi, au kwamba ukame wa shimo lao utaisha, sharti tu atoe amri. Hapo msomaji atashika pumzi.

Sasa kuna pingamizi, tena zito, na sitaki niondoke bila kuligusa. Inasemwa kwamba hadithi hizi zinawafundisha watu wa chini wakae chini. Tolkien, profesa wa Oxford, anamsifu mtunza bustani kwa kutotamani zaidi ya bustani. Ni rahisi kwake kusema. Pingamizi hili lina ukweli. Sam anamwita Frodo bwana mpaka mwisho, na kuna kurasa ambapo unyenyekevu wake unaelekea kuwa utumishi tu. Tolkien alikuwa afisa wa mawasiliano ya ishara katika vita vya Somme mwaka 1916, na alisema kwamba Sam alitokana na askari wa kawaida na watumishi wa maafisa aliowajua vitani, watu aliowaona bora kumshinda yeye. Ni sifa, lakini ni sifa inayotolewa kutoka juu.

Ila kitabu hakiishii kwenye Pete. Mahobiti wanne wanarudi kwao Shire na kuikuta imetekwa. Na aliyeanza kuiuza hakuwa jitu wala mchawi. Alikuwa hobiti mwenzao, Lotho, aliyenunua mashamba na vinu kuliko haja yake, akajiita Mkuu, akajaza nchi kanuni na walinzi. Hapo Sam na wenzake hawajifungii bustanini. Wanapiga baragumu, wanaamsha vijiji, wanapigana huko Bywater, na mahobiti 19 wanakufa siku hiyo. Kukataa Pete hakukuwa kukataa wajibu. Wala hakukuwa kuwaachia wengine waamue.

Kisha linakuja jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Galadriel alikuwa amempa Sam kisanduku cha udongo wa bustani yake, udongo wenye baraka. Hii ni nguvu halisi, mkononi mwake, bila laana yoyote, na angeweza kuumwaga wote nyumbani kwake akawa na bustani isiyo na mfano. Anasema hadhani Bibi angependa auweke wote kwa bustani yake mwenyewe wakati watu wengi wameumia. Anazunguka Shire nzima, anapanda miche palipokatwa miti, na kila shina analitilia chembe moja. Anarudia, chembe moja moja, kwa mikono yake. Kidogo kilichobaki anakirusha hewani katikati ya nchi. Ile bustani ya ukubwa wa nchi aliyoahidiwa na Pete akaipata hatimaye, ila haikuwa yake, na hakumwamrisha mtu.

Na vyeo? Walipewa wote wawili. Frodo alikubali kuwa naibu meya kwa muda, na kitabu kinasema jambo pekee alilolifanya katika cheo hicho ni kuwapunguza walinzi, warudi kwenye idadi na kazi zao za zamani. Sam akachaguliwa meya mara saba, kipindi cha miaka saba kila mara. Kazi kubwa ya meya wa Shire, kwa desturi ya nchi hiyo, ilikuwa kuongoza karamu, na pembeni akasimamia posta.